Opportunity Atlas: ramani ya Harvard mbele ya familia inayotafuta nyumba

Familia ya wakimbizi inapofika Louisville au Buffalo, huku Marekani, ikitokea kambi ya Nyarugusu, Tanzania, nyumba ya kwanza haiichagui yenyewe. Shirika la kupokea wakimbizi ndilo huitafuta, hulipa amana na pango la mwanzo, na kuikabidhi funguo familia ambayo bado haijajua jua huchomoza upande gani wa mji. Uchaguzi wa kweli huja baada ya mwaka mmoja au miwili, mkataba wa kwanza unapokwisha, wakati baba amepata kazi ghalani, mama ana zamu ya usiku, na watoto wameanza kuletea mezani Kiingereza cha shuleni. Hapo ndipo huja swali ambalo mimi, kwa sababu tu ya kutangulia kufika, nimeulizwa mara nyingi: "Ndugu, sasa tuhamie upande gani?"

Kwa miaka mingi nilijibu kwa mambo ya kusikia. Upande ule kuna watu wetu wengi, upande huu pango ni nafuu lakini basi hupita mara moja kwa saa, kule shule inasifiwa na wasiosomesha watoto pale. Tangu Oktoba 2018 lipo jibu jingine linalotoka chuo kikuu, halilipiwi hata senti, na linadai kujua jambo ambalo hakuna jirani anayeweza kulijua: watoto waliolelewa katika mtaa fulani, katika familia yenye kipato fulani, wamefika wapi walipokuwa watu wazima. Nimelitumia vya kutosha kuwa na maoni juu yake, na maoni hayo si ya upande mmoja.

Opportunity Atlas ni ramani ya mtandaoni iliyotengenezwa na Opportunity Insights, taasisi ya utafiti iliyo Chuo Kikuu cha Harvard, kwa kushirikiana na Idara ya Sensa ya Marekani. Walioisimamia ni wanauchumi, wakiongozwa na Raj Chetty, Nathaniel Hendren, na John Friedman wa Chuo Kikuu cha Brown. Walichofanya ni kuunganisha hazina mbili ambazo serikali ilikuwa nazo muda wote, yaani majibu ya sensa na ritani za kodi ya mapato. Walichukua watoto wapatao milioni 20 waliozaliwa kati ya 1978 na 1983, wakatazama mapato ambayo wazazi wao waliyatangaza kwa mamlaka ya kodi kati ya 1994 na 2000, wakafuatilia anwani ambazo mtoto alikulia, kisha wakamtafuta mtoto huyohuyo akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Anapata kiasi gani? Ana kazi? Ameoa au ameolewa? Alikuwa gerezani siku sensa ilipofanyika? Mtoto aliyehamahama hakubandikwa kwenye mtaa mmoja tu, kwa maana kila eneo alilopitia limehesabiwa kwa kadiri ya miaka aliyoishi hapo. Majibu yote yamepangwa kwa maeneo ya sensa yapatayo 70,000, kila moja likiwa na wastani wa watu 4,000 na kidogo, hivyo mji mmoja wa kawaida hugawanyika katika vipande vingi, na mara nyingi barabara moja tu ndiyo inayotenganisha kipande chekundu na kipande cha buluu.

Kuitumia si kazi ngumu. Mtu huandika anwani au jina la mji, ramani ikajikuza, na rangi zikajitokeza: nyekundu kwa maeneo ambayo watoto wake waliishia na kipato kidogo, buluu kwa maeneo ambayo watoto wake walipanda. Pembeni kuna vichujio vya kipato cha wazazi, rangi ya ngozi na jinsia. Kichujio cha kipato ndicho cha kwanza kuguswa, kwa sababu bila hicho ramani huonyesha tu mahali matajiri wanapoishi. Ukichagua kipato cha chini, unaletewa watoto wa familia ambayo, kama familia mia moja zingepangwa foleni kuanzia maskini hadi tajiri, ingesimama nafasi ya 25. Familia nyingi ninazozifahamu zinasimama karibu na hapo, au nyuma yake. Takwimu zenyewe zinaweza kupakuliwa bila malipo na mtu yeyote, awe profesa au diwani, na hilo ni jambo la kushukuru, kwa kuwa taasisi nyingi za vyuo vikuu huchapisha hitimisho na kuzifungia kabatini namba zilizolizaa.

Sifa kubwa ya ramani hii iko kwenye kile ilichochagua kupima. Vipimo vya kawaida vya ubora wa mtaa hutazama hali ya sasa: wastani wa mapato, bei ya nyumba, alama za shule. Hiyo ni sawa na kulipima shamba kwa bei ya ardhi. Opportunity Atlas hulipima kwa mavuno, na zaidi ya hapo huuliza mavuno ya nani, maana mtaa unaweza kuwa na watu wenye fedha walioletwa na ajira kutoka majimbo mengine, huku watoto waliozaliwa palepale wakibaki chini. Mfano unaojulikana ni Charlotte, mji wa North Carolina uliokuwa ukijivunia benki zake na majengo yake mapya. Utafiti wa kundi hilohilo uliotoka 2014 uliiweka Charlotte ya mwisho kati ya miji mikubwa 50 ya Marekani: mtoto aliyezaliwa katika sehemu ya tano ya chini kabisa ya kipato alikuwa na nafasi ya asilimia 4.4 tu ya kufika sehemu ya tano ya juu, ilhali San Jose, California, nafasi hiyo ilikuwa asilimia 12.9. Mji mzima ulishtuka, kikaundwa kikosi kazi, na ripoti yake ikatoka 2017. Kwa kawaida utafiti wa chuo kikuu hausababishi baraza la mji kukosa usingizi. Huu ulisababisha.

Mfano uliobaki kichwani mwangu, hata hivyo, ni wa Los Angeles. Watts na Compton ni maeneo mawili yanayotenganishwa na kilomita zisizofika nne, yote yenye historia ya watu weusi maskini, na mgeni anayepita kwa gari hawezi kuona mahali moja linapoishia na jingine linapoanzia. Watafiti walitazama wanaume weusi waliolelewa katika familia za kipato cha chini kabisa kwenye maeneo hayo. Kati ya waliokulia Watts, asilimia 44 walikuwa gerezani siku ya sensa, tarehe 1 Aprili 2010. Kati ya waliokulia sehemu ya kati ya Compton, waliokuwa gerezani siku hiyo walikuwa asilimia 6.2. Namba hizi nimezisoma mara nyingi na bado sijazizoea. Umaskini hauzielezi, kwa sababu familia zilikuwa na kipato kilekile. Rangi haizielezi, kwa sababu wote ni weusi. Wala sheria za jimbo hazizielezi, kwa sababu jimbo ni moja. Ramani inakuonyesha kwamba kuna kitu kati ya mtaa na mtaa, halafu inanyamaza.

Ukimya huo ndio nitakaourudia, lakini kwanza kuna mambo mawili ambayo ramani imeyasema kwa sauti na ambayo yalinibadilisha mawazo. La kwanza ni kuhusu ajira. Mimi, kama wengi, nilikuwa nikiwaambia watu wahamie karibu na viwanda na maghala, kwa hoja kwamba kazi zikiwa jirani maisha yatanyooka. Kwa mtu mzima anayetafuta kibarua wiki hii hoja hiyo ina maana. Kwa mtoto, watafiti hawakuona kwamba wingi wa nafasi za kazi zilizo karibu na nyumba, au kasi ya kuongezeka kwake, unamsaidia kupanda. Kilichohusiana na kupanda kwake ni kiwango cha ajira cha watu wazima wanaoishi mtaani mwake, yaani kama majirani anaowaona wakitoka asubuhi wana kazi, hata kama kazi hiyo iko mbali. Na ujirani huo ni wa karibu mno: hali ya maeneo yaliyo mbali zaidi ya kilomita moja hivi haikuwa na uzito wowote wa maana. La pili ni umri. Mpango wa serikali wa kati ya 1994 na 1998, uliohusisha familia zipatazo 4,600 katika miji mitano, uligawa kwa kura vocha, yaani msaada wa serikali wa kulipia pango, za kuhamia mitaa yenye umaskini mdogo, na kwa muda mrefu ulionekana haukusaidia kipato. Chetty, Hendren na Lawrence Katz waliporudia hesabu mwaka 2015 wakiwatenganisha watoto kwa umri, waligundua kwamba wale waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuja kupata kipato kikubwa kwa asilimia 31 kuliko wenzao ambao kura haikuwaangukia, lakini waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakufaidika, na pengine waliumizwa kidogo na kule kuhamishwa. Kwa hiyo familia yenye kijana wa miaka 16 na binti wa miaka 5 haina jibu moja.

Sasa upungufu wake. Ramani hii inazungumzia watu waliozaliwa 1978 hadi 1983. Walicheza mitaani miaka ya themanini na kumaliza shule kabla watu wengi wa Maziwa Makuu hawajafika Marekani. Waandishi wake wanatetea kwamba mitaa haibadiliki upesi, na kwamba matokeo ya kizazi kilichopita bado hubashiri vizuri ya kizazi kinachofuata, na kwa wastani nawaamini. Lakini mpangaji hapangi wastani. Kuna mitaa ambayo tangu wakati huo kiwanda kimefungwa, na mingine ambayo imejaa wahamiaji waliofungua maduka katika majengo yaliyokuwa yamezibwa kwa mbao. Taasisi yenyewe imethibitisha jinsi mambo yanavyoweza kusogea ndani ya miaka michache: utafiti wake wa 2024, uliolinganisha waliozaliwa 1978 na waliozaliwa 1992, ulionyesha kwamba pengo kati ya watoto weusi na weupe wa familia maskini lilipungua, huku pengo kati ya weupe maskini na weupe matajiri likipanuka. Rangi unayoiona kwenye kipande cha ramani ni kumbukumbu ya zamani, na haijaandikwa kwa herufi kubwa za kutosha kwamba ni kumbukumbu.

Upungufu wa pili unatuhusu moja kwa moja. Watoto waliohesabiwa ni wale waliozaliwa Marekani, au walioingia utotoni wakiwa wahamiaji wenye kibali, ambao wazazi wao pia walikuwa na hadhi hiyo. Ukichagua kichujio cha weusi, unachanganya ndani ya neno moja ukoo ambao umekuwa Georgia tangu enzi za utumwa, watoto wa manesi wa Kinaijeria, na kila Mwafrika mwingine aliyepitia mlango wowote. Baba mmoja aliyezaliwa Fizi, mashariki mwa Kongo, nilipomwonyesha kichujio hicho, aliniuliza kwa utulivu, "Na sisi tumo?" Nikamwambia tumo na hatumo. Hakuridhika, na alikuwa na haki. Hata hivyo sikumshauri akizime kichujio, kwa sababu kinabeba ukweli mchungu ambao mtoto wake ataukuta njiani bila kuulizwa wazazi wake walitoka wapi: katika asilimia 99 ya maeneo ya sensa, mvulana mweusi aliishia na kipato kidogo kuliko mvulana mweupe aliyekulia eneo hilohilo kwa wazazi wenye kipato kilekile. Kwa wasichana pengo la kipato chao wenyewe lilikuwa dogo sana. Wanaoamini kwamba kuhamia mtaa mzuri kunamaliza kila kitu wanapaswa kuanza na namba hiyo.

Kuna pia mambo madogo ambayo mtumiaji asiyeambiwa anaweza kupotoshwa nayo. Ili kulinda siri za watu, takwimu za kila eneo zimetiwa kasoro ndogo kwa makusudi, na maeneo yenye watoto wasiofika 20 katika kundi lililochaguliwa yameachwa wazi. Kwa hiyo tofauti ya dola mia chache kati ya mitaa miwili iliyopakana haina maana yoyote, na mtu asivunje mkataba wa nyumba kwa ajili yake. Tofauti kubwa ndiyo ya kuzingatia. Kiswahili hakimo, jambo ambalo silishangai, ila linamaanisha kwamba lazima awepo mtu wa kukaa kando na kufasiri, na mfasiri huongeza chumvi yake.

Lakini lawama yangu kubwa ni ule ukimya. Opportunity Insights ni taasisi ya wanauchumi, na ramani yake ina nguvu zote na upofu wote wa taaluma hiyo. Inapima kwa ustadi, haisimulii. Inakwambia kipande hiki ni chekundu, haikwambii nani alikipaka, na mtu asiyejua historia ya miji ya Marekani ataondoka na wazo kwamba waliokaa kwenye wekundu ndio waliouleta. Nimewasikia watu wetu wakisema hivyo, kwamba weusi wa huku ni wavivu na ramani ya Harvard imethibitisha. Ramani haikuthibitisha kitu cha namna hiyo. Iliacha tu nafasi, na nafasi tupu hujazwa na chuki iliyo karibu.

Ndiyo sababu siku hizi siifungui peke yake. Pamoja nayo ninafungua ramani nyingine, Mapping Inequality, ya maabara ya Chuo Kikuu cha Richmond huko Virginia inayowakutanisha wanahistoria na watu wa jiografia na kompyuta, iliyofanya kazi na wenzao wa vyuo vingine kadhaa. Wao walikusanya ramani ambazo shirika la serikali lililoundwa 1933 ili kuokoa mikopo ya nyumba lilizichora kati ya 1935 na 1940 kwa miji zaidi ya 200. Kila mtaa ulipewa daraja na rangi: kijani kwa bora, kisha buluu, kisha njano, na nyekundu kwa mitaa iliyoandikwa kuwa ni hatari kuikopesha. Maabara hiyo haikuishia kwenye rangi. Iliweka pia fomu za maelezo ambazo wathamini walizijaza, na hapo ndipo mtu hukaa kimya mbele ya skrini. Fomu ilikuwa na nafasi ya kujaza kama kuna weusi na ni asilimia ngapi. Ilikuwa na nafasi nyingine ya familia zilizozaliwa ng'ambo, ni asilimia ngapi na za taifa gani. Ilikuwa na mahali pa kuandika ni watu gani wameanza "kupenya" mtaani, kwa neno lilelile ambalo mtu angelitumia kwa panya au maji.

Louisville imo, Buffalo imo, Grand Rapids imo. Mtu akiziweka ramani hizi mbili sambamba, ya Richmond kushoto na ya Harvard kulia, mara nyingi hukuta wekundu ukikaa juu ya wekundu, ingawa watoto wa Harvard walizaliwa miaka arobaini baada ya yule mthamini kukunja karatasi zake. Inabidi niseme kwa tahadhari: rangi za miaka ya thelathini hazikuumba kila kitu. Mtafiti Amy Hillier, aliyeichunguza Philadelphia, alionyesha kwamba ramani hizo hazikusambazwa sana nje ya serikali, na kwamba wakopeshaji walikuwa wakiikwepa mitaa hiyo hata kabla hazijachorwa. Zilikuwa kioo zaidi ya kuwa nyundo. Sheria ya kukataza ubaguzi katika makazi haikuja mpaka 1968. Ubishi wa wanahistoria juu ya jambo hili bado ni mkali, na nauona kuwa ni faida ya kuwa na taaluma mbili mezani: mwanauchumi anaonyesha kwamba alama ipo, mwanahistoria anabishana juu ya mkono ulioiweka.

Wazo la kuchanganya taaluma kwa ajili ya haki si geni kama vipeperushi vya vyuo vikuu vinavyotaka tuamini. Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwajiri W. E. B. Du Bois, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu Harvard, awachunguze weusi wa Kata ya Saba ya Philadelphia. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akahoji familia, akachimba historia ya mji, akapanga majedwali, akachora ramani ya kata nzima kwa rangi kulingana na hali ya kila kaya, na kitabu kikatoka 1899. Mtu mmoja alifanya kazi ambayo leo imegawanywa kwa taasisi kadhaa zenye bajeti na wakurugenzi, na chuo chenyewe hakikumpa hata darasa la kufundisha.

Haki inataka niseme pia kwamba wanauchumi wa Harvard walijifunza. Walipotaka kuitoa ramani kwenye skrini na kuipeleka mitaani, walishirikiana na mamlaka za nyumba za Seattle na King County katika mpango ulioanza 2018, wakiwa na familia zaidi ya 400 zenye vocha za pango. Wote walikuwa na haki ya kuhamia mtaa wa buluu. Kati ya waliopewa vocha tu, asilimia 15 ndio waliohamia huko. Kati ya waliopewa vocha pamoja na mtu wa kuwasaidia kutafuta, wa kuzungumza na wenye nyumba, na fedha kidogo za amana, waliohamia walikuwa asilimia 53. Ndani ya kundi la watafiti alikuwemo Stefanie DeLuca, mwanasosholojia wa Johns Hopkins, ambaye timu yake ilikaa na familia na kuzisikiliza kwa kirefu. Kama angekosekana, asilimia hizo mbili zingebaki fumbo, na pengine mtu angeandika kwamba maskini hupenda kuishi na maskini. Mahojiano yalionyesha kinyume: watu walitaka kuhama, ila hawakuwa na wa kuwapokelea simu, wa kuwajazia fomu kabla nyumba haijachukuliwa, wa kumwambia mwenye nyumba kwamba hawa ni wapangaji wa kuaminika, na wa kuwatia moyo baada ya kukataliwa mara ya sita. Wakimbizi wanayafahamu yote hayo bila kuonyeshwa utafiti.

Ninasita jambo moja hata mbele ya mafanikio ya Seattle. Chombo kinachoonyesha mitaa mizuri na mibaya humvuta mtumiaji kuuliza "nihamie wapi?" kabla ya kuuliza "kwa nini pale pakawa hivi, na nani atapatengeneza?" Familia moja ikihama ni neema. Lakini mitaa ya buluu haina nafasi za kuwapokea wote, na inapojaa pango hupanda. Wanaobaki Watts hawawezi kuambiwa kwamba suluhisho ni Compton. Ninaielewa taasisi inapoanza na kilicho rahisi kupima, ila sikubali iitwe kazi ya usawa mpaka upande wa pili wa swali upewe uzito uleule.

Kwa anayetaka hali ya sasa badala ya kumbukumbu, kipo kipimo cha fursa za watoto kilichoanzishwa Chuo Kikuu cha Brandeis, ambacho hujumlisha mambo ya elimu, afya, mazingira na uchumi kwa kila eneo la sensa, na toleo lake la pili lilikuwa na viashiria 29. Ni kizuri kwa mambo kama hewa na shule za awali, ingawa hakifuatilii mtoto yeyote. Maabara ya Princeton inayohusika na ufukuzaji wa wapangaji, iliyoanzishwa na mwanasosholojia Matthew Desmond, nayo hukusanya takwimu za kesi za kufukuzwa majumbani, na ningeitazama kabla ya kusaini mkataba wowote, kwa sababu mtaa ambao wapangaji wake hupelekwa mahakamani kwa wingi unakueleza tabia za wenye nyumba kuliko tangazo lolote.

Yule baba wa Fizi hatimaye alibaki na mitaa miwili mkononi, mmoja buluu iliyopauka, mwingine katikati ya rangi, na tofauti ya pango ya dola 140 kwa mwezi. Tulifunga kompyuta. Jumatano asubuhi tulikwenda kwenye ule wa kwanza, tukaegesha gari mbele ya nyumba, na kwa kuwa utafiti wenyewe unasema kilicho mbali zaidi ya kilomita moja hakina uzito, tukatembea kilomita moja kila upande. Tulihesabu watu wazima waliokuwa wakitoka kwenda kazini kati ya saa 12 na saa 2, tukasoma ratiba ya basi kituoni, na mke wake, ambaye hakuwa amesema neno tangu siku niliyowafungulia ramani, alisimama mbele ya shule ya msingi akiwatazama watoto wakishuka kwenye basi la njano. Alitaka kuona kama kuna yeyote atakayemsalimia mlinzi wa lango.